Kabichi Limechacha, Mwanangu

Kabichi la kwanza nililonunua Poland nililirudisha kwa aliyeniuzia. Mama yule wa sokoni alilichota kwenye pipa la plastiki la buluu, akalipima nusu kilo, akanifungia kwenye mfuko, nami nikalipa nikijua nimepata kabichi lililokwisha kukatwakatwa, kazi imepungua. Nilipofungua mfuko nyumbani, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Nikaufunga, nikavaa viatu tena, nikarudi sokoni na hasira za mteja aliyedhulumiwa.

"Pani," yaani Bibi, nikamwambia kwa Kipolandi changu cha miezi saba, "hili kabichi ni chachu."

Uso wake ukang'aa kama nimemsifia mtoto wake. "Chachu kabisa!" akasema. "Lina wiki tatu!"

Foleni nzima nyuma yangu ikatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja akanihakikishia kwamba la pipa hili halina mfano, la dukani siku hizi wanatia siki tu. Nikarudi nyumbani na nusu kilo yangu ileile, pamoja na konzi nzima ya nyongeza ambayo yule mama alinitilia kwa furaha.

Tatizo lilikuwa neno. Mimi nimelelewa na mama ambaye kwake "kimechacha" ni hukumu, na hukumu haina rufaa. Wali ukichacha, unamwagwa. Maharage yakitoa povu asubuhi, anaitwa kuku. Mtindi tu ndio umesamehewa, na togwa, na hata hivyo vina siku zake. Sasa nimefika kwa watu ambao kabichi lisipochacha halijawa chakula, ni mboga ya kusubiri.

Tena kabichi lenyewe! Mimi ni mtu wa Lushoto. Tunalilima kwenye miteremko, tunalipakia kwenye malori jioni, Dar es Salaam wanaamka nalo. Bei ikianguka, ng'ombe wanakula mpaka wanaligeuzia uso. Halafu ukafaulu ukapelekwa bweni, ukalikuta limetangulia kufika, linaelea kwenye maji ya moto pamoja na vipande vinne vya nyanya ambavyo hakuna aliyewahi kuvipata kwenye sahani yake. Miaka sita. Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa nguo Łódź (mji unaotamkwa kama "Wuch", na maana yake ni mashua, ingawa hauna bahari wala mto wa kuelea hata mtumbwi), furaha yangu moja ya siri ilikuwa kwamba mimi na kabichi sasa basi.

Kumbe nilikuwa nahamia kwao. Wapoland wanalitia kwenye supu, wanalijaza kwenye vitumbua vya unga vya kuchemsha viitwavyo pierogi, wanalipika na nyama na kulipasha moto siku tatu mfululizo wakaliita bigos. Na ukiagiza samaki au nyama, pembeni yake limekaa, baridi au moto, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko nyumbani.

Mwaka wa pili nikaamua kulichachusha mwenyewe. Sababu ya kwanza ilikuwa bei, maana Septemba kabichi linauzwa kwa bei ya huruma. Sababu ya pili ilikuwa kiburi. Nilikuwa nimesoma kwamba kazi yote ni chumvi na subira: gramu 20 kwa kila kilo, unalikatakata jembamba, unalifinyanga mpaka litoe maji yake lenyewe, unalishindilia kwenye chombo lizame, vijidudu vinakula sukari iliyomo na kutoa asidi ileile ya kwenye mtindi. Mtu anayesomea uhandisi atashindwaje? Nikanunua chupa ya kioo ya lita tano yenye mdomo mpana. Nikashindilia kilo nne na karoti mbili za kukwaruza kwa mwiko wa ugali, mpaka chupa ikajaa hadi shingoni. Kisha nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa Kipolandi angenizuia nisilifanye: nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Siku ya pili mwenzangu wa chumba, kijana wa Kisumu, akasimama mlangoni mwa jikoni na begi bado mgongoni. "Buda," akasema, "kuna kitu imekufa kwa hii nyumba."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, lakini hicho kitu kikafie nje. Ndivyo chupa ilivyohamia kwenye baraza ya ghorofa ya nne, ikakaa kwenye jua la Septemba, na vijidudu vyangu, ambavyo vinapenda joto kama mimi, vikachapa kazi. Nilichokuwa sijakisoma vizuri ni kwamba pamoja na asidi vinatoa gesi, na siku za mwanzo vinaitoa kwa wingi. Alfajiri ya siku ya tatu tulisikia mlio, si mkubwa, kama mtu aliyefungua soda kwa hasira. Nilipotoka nikakuta kifuniko kimebinuka, karoti imebandikwa ukutani, na maji ya kabichi yanachuruzika kwenye ukingo wa baraza kwa utulivu, tone baada ya tone, kwenda chini.

Chini, ghorofa ya tatu, kulikuwa na mashuka yaliyoanikwa.

Mwenye mashuka alikuwa bibi mmoja ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi. Alipanda na foronya mkononi. Nilifungua mlango huku midomo yangu ikipanga "samahani" zote nilizofundishwa. Hakuniangalia. Aliinua foronya, akainusa, akafikiri, akainusa tena.

"Siku ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu, Pani. Samahani sana, nitafua..."

"Umeitoboa?"

"Nini, Pani?"

Akanipita, akaenda moja kwa moja barazani, akaikagua chupa yangu kama daktari anayeletewa mgonjwa aliyecheleweshwa. Aliomba kijiti kirefu. Nikampa mwiko, akaugeuza akatumia mpini, akautumbukiza mpaka chini sehemu tano, na kila alipouchomoa kabichi lilicheua mapovu na harufu ambayo sitaieleza kwa heshima ya msomaji. Unatoboa kila siku, akasema, gesi itoke, la sivyo linakuwa chungu. Unaacha nafasi juu. Unaweka uzito lisiibuke kwenye maji yake, maana linaloibuka linaota ukungu. Na kifuniko unakiegesha tu. Alipokuwa mtoto, akanisimulia, waliosha miguu yake wakamtia ndani ya pipa alikanyage, kwa sababu alikuwa mwepesi. Kisha akauliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, akasema neno moja: "Tengeru." Nilishtuka kidogo, halafu nikakumbuka: wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia 1942, Wapoland wapatao elfu tano, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia, walipokelewa kambini pale karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia kule yapo hadi leo. Kwa hiyo kwake mimi sikuwa mgeni sana. Kuanzia siku hiyo akaniita "Bwana Injinia", kwa mujibu wa desturi yao ya kumpa mtu cheo hata kabla hajakipata, na kila Jumamosi akanifundisha.

Tulianza na surówka, mlo wa pembeni usiopikwa. Unalikamua kabichi kidogo, unalikatakata tena ili lisining'inie kidevuni kama ndevu, unakwaruza karoti na tofaa lenye ukali, kitunguu, mafuta, chembe ya sukari, pilipili manga. Kazi ya dakika kumi. Kazi ya kumlisha mwenzangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimesoma habari za Kapteni James Cook, ambaye kwenye safari ya meli ya Endeavour iliyoanza 1768 alipakia kabichi chachu kuzuia kiseyeye. Mabaharia walipolikataa, akaagiza liandaliwe kila siku mezani kwa maofisa, wengine waachiwe hiari. Muda si mrefu likapendwa mpaka ikabidi lipimwe. Basi nikawa naketi mbele ya mwenzangu, nakula surówka nimefumba macho kwa utamu. Alinitazama siku nne. Siku ya tano akasema, "Endelea tu, boss. Mimi niko na mayai." Alikuja kushindwa na samaki. Ijumaa moja nilikaanga samaki nikaweka surówka pembeni, kama wanavyofanya wenyewe, akaonja kwa bahati mbaya, akatafuna, akauliza kwa lawama: "Si hii ni kachumbari tu? Mbona hukusema?"

Kapusta zasmażana ni ya moto: kitunguu kinakaangwa, kabichi linachemshwa taratibu, halafu unalishikisha kwa unga uliokaangwa kwenye mafuta. Kawaida wanatia mafuta ya nguruwe na vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Nilipomwambia Pani kwamba hicho kwangu hapana, alipunga mkono kama anafukuza nzi: basi siagi na uyoga mkavu. Na kminek, akasisitiza, bila kminek tumbo litajaa upepo. Kminek ni kisibiti. Mimi dukani nikaona pakiti imeandikwa "kmin rzymski", nikajiambia kmin na kminek ni mtu na mdogo wake. Nikatia kijiko kizima kwenye kitunguu kinachokaangika kwenye mafuta.

Hiyo ilikuwa bizari nyembamba. Harufu iliyopanda ilikuwa ya arusi ya Tanga, saa tano asubuhi, masufuria yamefunikwa. Mwenzangu alitoka chumbani mbio, na taulo begani, anatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tuhamie. "Pilau?" Nikafunua sufuria. Nimewahi kumwona mtu akipokea matokeo mabaya ya mtihani, lakini yule alikuwa na nafuu.

Halafu ikaja Wigilia, mkesha wa Krismasi. Mezani kuna vyakula kumi na viwili na hakuna hata kimoja chenye nyama, kwa hiyo ndiyo siku pekee ninayoweza kula kwa Wapoland bila kuuliza swali hata moja. Pia wanaweka sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Pani aliniambia sahani hiyo imekaa tupu miaka yote ya uhai wake na amechoka kuiosha bure, niende nikaikalie. Ila nipeleke kapusta z grochem, kabichi na njegere kavu.

Niliziloweka njegere usiku, kama inavyopasa. Saa tatu asubuhi nikazitia kwenye sufuria pamoja na kabichi, maji, uyoga, nikawasha moto. Saa tano zilikuwa ngumu. Saa saba zilikuwa ngumu, ila zimekuwa chachu. Nilipoing'ata moja ikateleza ikagonga kioo cha dirisha. Ndipo nikamsikia mama yangu kichwani, sauti ileile ya jikoni Lushoto: ndimu haitiwi kwenye maharage mpaka yaive! Mhandisi mzima. Asidi inazuia gundi ya kwenye kuta za mbegu isilainike. Unaweza kuchemsha hadi Pasaka. Njegere huchemshwa peke yake, zikishalainika ndipo zinakutanishwa na kabichi.

Desemba kule jua linazama kama saa tisa na nusu alasiri, na nyota ya kwanza ikionekana watu wanakaa mezani. Nikatazama dirishani, nikatazama sufuria, na mtu wa Lushoto aliye ndani yangu akakumbuka magadi. Nani hajui kwamba magadi yanalainisha maharage? Nilikuwa na soda ya kupikia. Nikatia vijiko viwili kwa mpigo.

Msomaji aliyewahi kutia soda kwenye siki ananiona tayari. Sufuria ilinyamaza sekunde moja, kama inavuta pumzi. Kisha povu la kijivu likainuka na kabichi lote juu yake, likafunika jiko, likazima moto, likashuka mbele ya droo ya vijiko likawa linaelekea kwenye soksi zangu. Nilikuwa nalirudisha ndani kwa mwiko na linatoka upande wa pili. Lilipotulia, njegere zilikubali kulainika. Lakini uchachu wote ulikuwa umekwenda na povu, na kabichi la miezi mitatu lililotobolewa kila siku lilikuwa limegeuka uji wenye ladha ya sabuni ya kufulia.

Nililipeleka hivyo hivyo. Pani alifunua, akanusa, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Bwana Injinia," akasema, "umetengeneza groch z kapustą." Na wote mezani wakacheka, kwa sababu kwa Kipolandi hiyo "njegere na kabichi" ndiyo jina la mchafukoge, mambo yaliyovurugika yasijulikane kichwa wala mkia. Kisha akafungua tanuri, akatoa bakuli lake mwenyewe la kapusta z grochem, la moto, limeiva tangu asubuhi. Langu likawekwa pia, likawa chakula cha kumi na tatu. Mwanawe alichota nusu kijiko, akatafuna muda mrefu kuliko lilivyohitaji, akasema linavutia.

Usiku mama akapiga simu ya video. Nilimwonyesha meza, nyota ya karatasi dirishani, nyasi kavu chini ya kitambaa, wenyeji wakampungia mkono naye akawapungia. Nikasogeza simu kwenye sahani.

"Ni kabichi, mama. Wanalichachusha."

Akasogeza uso mpaka nikaona jicho moja tu. "Limechacha, mwanangu. Limwage."

"Ndivyo linavyoliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba."

Kimya. Nyuma yake nilisikia ng'ombe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyeji wangesikia Kiswahili, kama huwa nakula kila siku. Nikasema nakula, nashiba, asiwe na wasiwasi. Akasema alhamdulillah, tukaagana.

Asubuhi nikakuta ujumbe kwenye laini yangu ya zamani ya Tanzania: nimepokea shilingi 20,000. Chini yake ameandika, "Nunua nyama."