Sifa za Mheshimiwa Unyevu, Mpokonya Silaha wa Uvira

Sisi watu wa Uvira hatuna uchoyo wa sifa. Tumewapigia vigelegele wakubwa waliopita mara moja ndani ya magari yenye vioo vyeusi, tumewaimbia walioahidi barabara, na tumewashangilia makamanda ambao mwezi uliofuata tuliwakimbia. Lakini yupo mmoja anayefanya kazi usiku na mchana, hana mshahara wala mlinzi, hajawahi kuomba kura, na kuanzia Kavimvira hadi Kalundu hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lake. Namsema Mheshimiwa Unyevu, anayelowesha chumvi kwenye kisahani, anayeotesha ukungu kwenye viatu vya misa, na ambaye ndiye mwenye neno la mwisho iwapo gobori la mwindaji litalia au litanyamaza.

Tuanze na nasaba, kama desturi inavyotaka. Baba yake ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote linazidiwa kina na Baikal peke yake. Mama yake ni milima ya Mitumba, ambayo kule Itombwe inapita mita 3,000. Mji wetu umebanwa katikati ya wazazi hawa. Mvuke wa ziwa ukipanda hauna pa kwenda: unagonga mlima, unageuka wingu, na tangu mwezi wa tisa au wa kumi hadi wa tano tunanyeshewa. Kwa hiyo Mheshimiwa ni mzaliwa wa hapa hapa. Kati yetu sote ndiye pekee ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza babu yake alitoka wapi.

Elimu yake ni ya kemia. Baruti nyeusi, ile ya kushindilia, ina vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Kiberiti kina roho ngumu, maji hayakisumbui. Makaa yana matundu, yanapokea kila anayepita. Shura safi inavumilia sana. Mpaka hewa ishibe maji kupita asilimia 90 ndipo inapoanza kulegea. Lakini shura safi inauzwa wapi huku kwetu? Ile ya bei ndogo huja na chumvi nyingine ndani yake, na chumvi hizo hunywa maji ya hewani mapema zaidi. Hapo Mheshimiwa anaingia bila kubisha hodi, anaiyeyusha shura kidogo kidogo ndani ya punje. Mwindaji akigundua, ataianika baruti juani, ataiona imekauka, atafurahi. Hajui kwamba shura ilipokuwa ikikauka ilitoka nje na kuganda juu ya punje, ikayaacha makaa ndani peke yake. Ukiitazama ni baruti kavu. Kwa tabia ni ndoa iliyokwisha vunjika, ila wenyewe bado wanalala nyumba moja.

Ustadi huo mtu auone kwa macho. Mtazame mzee mmoja kule milimani, alfajiri, ukungu bado umekaa juu ya matete. Mtutu wa gobori lake ulikuwa bomba la usukani wa gari, kitako alikichonga mwenyewe, na vyote viwili vimeshikanishwa kwa waya. Baruti iko kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Fataki ni vichwa vya njiti za kiberiti vilivyosagwa. Ameshindilia kwa mdeki, ametia marisau, amepiga goti. Simbiliki mnene anatokea, anatafuna shina bila haraka. Mzee anavuta kifyatuo. Chaa!

Kimya. Simbiliki anainua kichwa, kama aliyeitwa jina lake.

"Babu, imekataa," mjukuu ananong'ona.

"Haijakataa, mjukuu wangu. Inafikiria."

Na mzee hashushi mtutu, maana baruti yenye maji ina desturi ya kujibu kwa kuchelewa, na wengi waliochungulia kujua kulikoni walijibiwa usoni. Anahesabu moyoni. Halafu gobori linakohoa kikohozi kirefu, moshi mweupe unatoka kwa uvivu, marisau yanadondoka hatua chache mbele kwenye umande. Simbiliki alishaenda kuwahadithia watoto wake.

Sasa niambieni, ni mwalimu gani mwingine anayefundisha subira namna hiyo? Na somo halijaisha. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haugeuki gesi. Unabaki kuwa masizi na chumvi, mwingine ukigandamana ndani ya mtutu. Usiku Mheshimiwa anarudi, anakaa juu ya chumvi hizo, na asubuhi chuma kimeanza kula kutu. Ndiyo maana mwindaji mwenye akili, hata akiwa amechoka na njaa inamuuma, huchemsha maji jioni ile ile, akausafisha mtutu, akaukausha, akaupaka mafuta. Kuna vijana ambao mama zao wameshindwa kuwafundisha kuosha sahani, Mheshimiwa akawafundisha kuosha bunduki.

Wala msidhani anawaonea wanyonge wa hapa tu. Richard Burton alipokuwa njiani kutoka pwani mwaka 1857, hata ziwa hajaliona, alikutana naye. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 alilalamika kwamba fataki bora za Ulaya, zilizonadiwa kuwa haziogopi maji, ziligoma kulia zisipofichwa ndani ya makopo, na baruti iliyoguswa na hewa haikushika moto. Tarehe 26 Aprili 1858, katikati ya masika, yeye na John Speke wakafika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha Nile. Walitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wana wa mtemi wakawaambia hapana, unaingia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaja kuhakikisha kwa macho yao. Wazungu walisikitika. Mheshimiwa alifurahi: posho yake haikuguswa.

Sifa yake kubwa kuliko zote ni ya kidiplomasia. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake silaha za kisasa zilizuiwa kuingia Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Tukaachiwa nini? Gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa lugha nyingine, tuliachiwa kila silaha ambayo Mheshimiwa anaimudu, na zile asizozimudu wakabaki nazo wao na askari wao. Nani anasema Mwafrika hakuwa na mwakilishi Brussels? Mheshimiwa alikuwepo. Ila alikuwa upande wa pili wa meza.

Wajuzi wa mambo watasema hayo ni ya kale, siku hizi kuna baruti mbadala. Kweli zipo. Huko Marekani watu wenye bunduki za kila aina wanarudi kwenye gobori kwa hiari yao, kwa kuwa majimbo yamelitengea msimu wake wa kuwinda. Kwa sababu baruti nyeusi ya kweli ni kilipuzi chenye masharti magumu ya kuhifadhi na kusafirisha, bwana mmoja, Dan Pawlak, alileta Pyrodex, ikaingia sokoni mwaka 1976. Wengine baadaye walitumia asidi askobiki, yaani vitamini C ile ile ya kwenye machungwa. Mheshimiwa alitabasamu. Masizi ya Pyrodex yana chumvi zinazonywa maji na kula chuma bila huruma, na baruti za vitamini C zikiachwa wazi huvuta unyevu zikashikana madonge. Mpaka leo wawindaji wa huko, wakirudi kambini jioni ya baridi, huliacha gobori nje, kwa kuwa likiingizwa kwenye joto hutoa jasho na kiasi kilichoshindiliwa kinalowa. Matawi ya Mheshimiwa yanafika hadi Pennsylvania.

Wapinzani wake nawafahamu. Mama wa ndagala atasema samaki wake wameoza mchangani kwa kukosa jua. Muuza unga wa muhogo atanionyesha gunia lililoota nywele. Hasara hizo sizikatai. Lakini tuwe waungwana tumpime kwa kazi ya kupokonya silaha, ambayo wengine wengi wamelipwa kuifanya. Tangu mpango wa kupokonya silaha ulioitwa DDR hadi ule wa P-DDRCS wa mwaka 2021, herufi zinaongezeka na bunduki hazipungui. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilifunga virago Kivu ya Kusini Juni 2024. Mheshimiwa hakuita semina, hakugawa kofia, hakukodi hoteli. Kule Itombwe, ambako hifadhi ilitangazwa mwaka 2006 na gorila bado wanaishi, walinzi ni wachache na msitu ni mkubwa. Yeye yuko chini ya kila mti, anakagua kila kibuyu.

Na hapa ndipo lazima niseme lile ambalo msifu mwema angelipita kimya. Mheshimiwa anamkamata nani hasa? Anamkamata babu wa simbiliki. Risasi ya kalashi huja imefungwa ndani ya ganda la chuma lililopakwa vanishi, na maungio yake yamezibwa kiwandani. Inaweza kulala kwenye tope msimu mzima na ikiitwa ikaitika. Mbele yake Mheshimiwa hupita akitazama pembeni, kama tulivyoona polisi wa barabarani wakifanya gari la mkubwa linapokuja. Mkali kwa gobori, mpole kwa kalashi: hiyo ndiyo sheria tuliyoizoea tangu Brussels, na yeye ameitumikia kwa uaminifu kuliko hakimu yeyote.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Apandishwe cheo, apelekwe masomoni, ajifunze kupita kwenye vanishi. Siku atakapohitimu, hatutampa kichochoro, tutampa barabara kuu. Najua nitaonywa nisimsifu kupita kiasi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alitia maji zamani, kabla hajasifiwa na yeyote. Hatuna cha kupoteza.