Saburi ya Injini na Ghera ya Mwenyewe

Miongoni mwa vyombo vilivyotoka mikononi mwa wanadamu katika karne iliyopita, sijui kingine kilichobuniwa kwa huruma kubwa zaidi juu ya udhaifu wa mwenye kukitumia kuliko injini ya pikipiki ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976 baada ya wahandisi wa Kijapani kuchunguza namna pikipiki zao zinavyoishi katika nchi za joto na vumbi, wakabaini kwamba mwendeshaji wa huku hukipakia chombo kila kinachopakika, hukinyima oili mpaka kilalamike, na mnyororo haukumbuki ila siku unapokatika. Watu wengine wangalituandikia barua ya kutukaripia. Wao walirudi kwao wakatuundia injini itakayotustahimili jinsi tulivyo: wakauondoa ule mnyororo wa ndani unaozungusha kemu juu ya silinda, ambao ndio wa kwanza kuangamia oili inapochakaa, badala yake wakatia fito mbili za chuma zinazosukumwa kutoka chini, na mnyororo wa nje wakaufunika kwa kasha ili mchanga usiufikie. Walitusamehe kabla hatujakosa.

Viwanda vya China viliiga ramani ile, na pikipiki nyingi zinazonguruma katika mitaa yetu leo ni wajukuu wa injini hiyo. Yangu ni mmoja wa wajukuu hao. Walakini hekima ya wahandisi wale, pamoja na adhama yake yote, ilikuwa na upungufu: walijihadhari na mtu asiyejali, lakini mtu anayejali hawakumkadiria.

Nisidhaniwe kwamba nilisukumwa na ubahili kuifungua injini yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi wetu wa mtaani, kijana mwenye adabu afanyaye kazi chini ya mwembe, hutoza kwa kumwaga oili na kuseti tapeti ujira mdogo kiasi kwamba kumwomba apunguze ni kujivunjia heshima. Kilichonisukuma ni kitabu. Kilikuja pamoja na pikipiki, kikalala miaka kadhaa katika mtoto wa meza kati ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti za maji, hata sikukuu moja ya Idi, nikiwa nimeshiba na sina la kufanya, nikakifungua. Kiliandikwa kwa sentensi fupi za kuamrisha: fungua bolti, mwaga oili, funga bolti. Sentensi fupi zina hila kubwa, kwani humghuri msomaji akadhani kazi nayo ni fupi. Tena mimi ni mkazi wa Tanga, mji uliojaa baiskeli, ambako kila aliyewahi kuziba pancha hujihesabu kuwa amehitimu elimu ya vyombo vyote vya magurudumu mawili.

Kitabu kiliagiza kwamba kabla ya kumwaga oili injini ipashwe moto kidogo, ili oili iwe nyepesi na itoke pamoja na uchafu wake. Kadiri ya hicho kidogo hakikuieleza. Nilikwenda nayo mpaka Raskazone, nikapunga upepo wa bahari, nikarudi, nikajilaza ubavu uani na spana mkononi. Sasa katika injini za aina hii, nyuma ya ile bolti kubwa ya chini hukaa chujio la waya, na chujio hilo husukumwa na springi iliyobanwa, kwa hiyo uzi wa mwisho unapoachia, bolti, springi na chujio huaga kwa pamoja, zikifuatwa na karibu lita nzima ya oili ya moto, ambayo kwa tabia ya vitu vimiminika ilipendelea kuteremka kwa njia ya spana, kisha kiganja, kisha mkono wa kanzu hadi kiwiko, na ndipo iliyosalia ikaangukia ndani ya beseni.

"Baba watoto," akauliza mke wangu kutoka mlangoni, "beseni la nani hilo?"

Halikuwa swali la kutafuta habari. Wakati natafakari jibu lenye taadhima, kuku mmoja alipita katikati ya dimbwi lililokwisha kujitanda pembeni, akaendelea na safari yake bila kuharakisha, akapanda barazani, akakata moja kwa moja juu ya mkeka mpya wa mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kwa siku chache na ambaye, tangu hapo, alianza kuulizia nauli ya basi.

Bolti niliipata, na chujio nililipata. Springi haikuonekana. Niliitafuta chini ya mawe, ndani ya majivu ya jiko na katika mfereji wa maji machafu, nikiwashuku majirani wawili na paka, mpaka karibu na adhuhuri nikaiona ikifanya kazi ya halali chini ya gari la waya la mwanangu mdogo, ambaye alikuwa amekwisha kulijaribu barabarani na kuthibitisha kwamba sasa halirushi abiria. Alitaka barafu mbili za ukwaju. Kwa insafu, naliona bei ile ni ya haki, maana kazi aliyoipa springi ilikuwa bora kuliko niliyoipangia mimi.

Oili mpya nilipewa bure na jirani yangu, mzee aliyekwisha kustaafu udereva wa malori, mtu karimu asiyeweza kumwona mwenziwe akihangaika. Ilikuwa oili nzuri ya magari. Nilirudisha bolti, nikaitia oili yote, kisha nikaikaza bolti kwa nguvu za mtu aliyeoga oili asubuhi na hataki kuoga tena jioni. Ganda la injini ni la alumini na bolti ni ya chuma, na wawili hawa wakishindana, mshindi hujulikana kabla ya mchezo: ghafla bolti ikalegea, ikawa inazunguka kwa raha zake, haikazi wala haitoki. Nikaifunga kitambaa, nikahamia kwenye tapeti.

Hapo ndipo baraza lilipokamilika, kwani mtu anayefungua injini uani kwake na mlango uko wazi amekwisha kualika mtaa. Kitabu kilitaka kati ya tapeti na ncha ya valvu iwepo nafasi ya milimita 0.08, yaani unene wa unywele, nami nilikuwa nimenunua filageji mpya yenye majani ya chuma yaliyopangwa kwa unene. Yule dereva wa zamani aliitazama, akasema kwamba wao katika ujana wao walitumia wembe. Nilitabasamu kwa upole anaostahili mtu mzima.

Kwenye ubavu wa injini, ndani ya kifuniko, iko sumaku izungukayo, na juu yake imechorwa herufi T, ambayo ikilingana na alama ya kwenye ganda huwa pistoni imefika kileleni. Nililinganisha barabara. Ila katika injini ya mipigo minne pistoni hufika kileleni mara mbili katika kila duru: mara moja imekwisha kuibana hewa na petroli, valvu zote zimefungwa na tapeti zinacheza, na mara ya pili moshi ukiwa unamalizikia kutoka na hewa mpya ikianza kuingia, valvu zote mbili zikiwa zimefunguka kidogo. Herufi ni ile ile. T ya haki na T ya batili haziandikwi tofauti. Filageji ilikataa kuingia katika tapeti hata kwa jani lake jembamba kabisa, nami nikaihurumia injini ile iliyoishi umri wake wote ikinyongwa, nikazilegeza tapeti zote mbili kwa ukarimu.

Iliwaka kwa kiki ya kwanza, jambo ambalo nataka lihifadhiwe katika kumbukumbu. Ikawaka na kelele ya chuma kugonga chuma iliyowatoa watu madukani. Nilipotia gia nikapata jambo jingine la kujifunza: klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa za utelezi ambazo sahani za klachi hazizipendi, basi injini ikavuma kwa mbio za kutisha ilhali pikipiki yenyewe inakwenda mwendo wa bibi harusi, na matone meusi yakitufuata njia nzima hadi kwenye mwembe.

"Shikamoo mzee," akasema fundi. Aliinama, akasikiliza, akaizima. "Nani kaigusa?"

"Kuna bwana mmoja," nikajibu, na hilo ni kweli.

Hakuuliza zaidi. Alichomoa plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akasukuma kiki taratibu kwa mkono mpaka pumzi ya ndani ikakipiga kidole, akatikisa kichwa kuridhika kwamba hiyo ndiyo T anayoitaka. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa wembe. Dereva wa zamani, aliyekuwa ametufuata kwa baiskeli ili asipitwe na lolote, alikohoa. Uzi wa bolti ulipelekwa kwa mchongaji, oili ikamwagwa ikatiwa ya pikipiki, na kabla ya alasiri mjukuu yule wa injini ya saburi alikuwa akinguruma kama hakuna aliyemtendea jambo.

"Mzee," akasema fundi akifuta mikono, baada ya kupokea fedha nilizompa bila kuomba punguzo, "huyo bwana mwambie asiache kabisa. Mimi nina watoto wanasoma."

Nilimfikishia mhusika salamu hizo, naye, kwa jinsi ninavyomfahamu, amekwisha kuanza kusoma sura ya kabureta.