Muhanga na Muhuri

Shule ya Sekondari ya Wanyama ilijengwa juu ya mwamba, upande wa magharibi wa Milima ya Pare. Huko kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, huzuia mvua yote ibaki Gonja na Miamba, na walio chini, kuanzia Makanya hadi Same, huyatazama mawingu kama mtu anavyotazama harusi ya jirani aliyemnyima kadi. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja hata anaposaini hundi. Nidhamu ilishikwa na Mwalimu Kanga, na ushauri wa wanafunzi ukawa mikononi mwa Mwalimu Kasuku.

Kazi za mikono zilikuwepo, tusiisingizie shule. Aliyechelewa mstarini alilima. Aliyekutwa anaongea lugha ya nyumbani alifyeka. Aliyepiga kelele wakati wa maandalio alichota maji ya jikoni, akachambua na maharage ya makande. Wanafunzi wema walimaliza miaka minne bila kushika mpini, wakapewa cheti cha tabia njema.

Basi siku moja Afisa Elimu, Mheshimiwa Twiga, akapanda na waraka: kuanzia muhula huu kila mwanafunzi aunganishwe na kazi, ajifunze penye kazi yenyewe.

Korongo hakushtuka. Kabati lake lilikuwa limekwisha kuona mengi. Kwenye rafu ya chini ililala Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambamo Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia shamba au karakana, watoto wale jasho lao na waelewe wanacholima. Juu yake lilikaa Azimio la Musoma la 1974, lililotaka anayemaliza kidato cha sita akafanye kazi kwanza ndipo afikirie chuo kikuu. Zilifuata barua za michepuo ya miaka hiyohiyo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Kisha Sheria ya VETA ya 1994, ya mafunzo ya ufundi stadi. Sasa, ikinukia wino, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, pamoja na mkondo wake wa amali. Nyaraka zote hizo zilikuwa njema. Anayezisoma ataona kila moja ilijua ugonjwa. Ila Korongo hakuzisoma. Alizipanga kwa ukubwa.

Mwalimu Kasuku akaandaa Siku ya Kazi. Alipita dawati kwa dawati akiuliza, "Unataka kuwa nani? Unataka kuwa nani?" Kima akajibu daktari. Mbega, daktari. Nungunungu, rubani. Mtoto wa Mbwa Mwitu, aliyehamia kutoka Mkomazi ambako ukoo wake huwinda kwa kundi, akasema, "Mwindaji, mwalimu."

"Hiyo si kazi," akasema Kasuku. "Hiyo ni nyumbani kwenu."

Akamwandikia daktari.

Wageni walialikwa watoe uzoefu. Simba mstaafu alihutubia saa mbili kwamba alianzia chini, bila kusema chini ya nani. Chui alituma udhuru. Mnana, mfumaji wa viota asiye na mpinzani bondeni, alikuja, akala maandazi, akakataa kufungua mdomo. "Nikimfundisha mtoto wa jirani fundo la kwanza," alisema, "kesho atafuma kwenye tawi langu." Wengine walimcheka kwa uchoyo wake, lakini mimi namwelewa. Kule Ugweno, Pare ya kaskazini, Washana walifua chuma vizazi na vizazi, majembe yao na mikuki ikavuka hadi kwa Wachagga, na maarifa yale yalikaa ndani ya ukoo pamoja na miiko yake. Mtoto wa Mshana alikuwa na njia ya kazi tangu siku anazaliwa. Mtoto wa jirani alikuwa na njia ya kwenda kununua jembe. Shule ilipokuja iliahidi kuufungua mlango huo kwa kila mtoto. Iliufungua kweli, ikaweka ubao mweusi mahali pa moto.

Zikaja fomu, nakala tatu tatu. Kima alipelekwa Makanya kwenye machimbo ya jasi, akawa mleta chai. Muhula mzima hakugusa jasi ila ile iliyoingia kikombeni. Nungunungu alipangiwa shamba la tangawizi huko Miamba. Mwenye shamba alipomwona anakuja na bahasha mdomoni, aliita mbwa kabla hajasoma anwani. Binti Pimbi, mdogo wa umbo, mwenye alama za wastani, akapangiwa sehemu ambayo hakuna aliyeitaka: kwa Babu Muhanga, fundi wa ndiva.

Asiyeijua ndiva na aelewe hapa. Ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililokingwa mteremkoni tangu zama za mababu. Mfereji hulijaza usiku kucha. Alfajiri tundu huzibuliwa, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Asiyekuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope, asije akalia zamu yake ikirukwa. Adui wa ndiva ni mdogo: mchwa akitoboa ukuta, mizizi ikipenya, maji hufuata kijia hicho, na asubuhi mahindi ya watu wa chini yamekuwa kuni. Muhanga alikuwa akipita juu ya ukuta gizani, sikio chini, akisikiliza. Penye mchwa alifukua, akala, akashindilia udongo wa mfinyanzi, akasonga mbele. Ujira wake ulikuwa humo humo ukutani, ndiyo maana hakuna mzee aliyewahi kumlalamikia kwa bei.

Ila alikuwa na kasoro tatu. Hakuwa na cheti. Hakuwa na muhuri wa kugonga kwenye daftari la mwanafunzi. Na mchana alikuwa amelala.

Ratiba ya shule ilisema mafunzo ni saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Binti Pimbi alifika, akaamkia mlangoni mwa shimo, "Shikamoo, babu," akajibiwa na mkoromo. Akakaa juu ya jiwe mpaka saa nane, akaandika kwenye daftari: "Leo nimejifunza subira." Siku ya pili: "Subira, inaendelea." Twiga alipokuja kukagua, alitazama kutoka juu, akaona mwanafunzi yupo, kituo kipo, daftari limejaa. Akatoa alama tisini. Kuhusu cheti, alisema kuna utaratibu: VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwarasimishia ujuzi wao. Muhanga aandike maombi, aje kwenye usaili saa tano asubuhi.

Usiku mmoja Pimbi alitoka bwenini kwa dirisha.

Muhanga hakumuuliza barua. Alimpa udongo ashike. "Huu ni mkavu," alisema, "utapasuka. Ule una mchanga, utavuja. Tafuta unaonata kidoleni na kuachia ukitaka." Ilimchukua Pimbi siku kadhaa kuupata. Akafundishwa kusikia tofauti ya maji yaliyotulia na maji yanayotafuta njia. Akafundishwa kwamba tundu huzibwa kuanzia ndani, upande wa maji, na kwamba anayeliziba kwa nje anajidanganya hadi asubuhi. Alikosea, ukuta ukamlowesha, Muhanga akala mchwa wake bila kusema neno. Nadhani ndiyo sehemu ya mafunzo ambayo hakuna fomu inayoiweza: mkubwa anayekaa kimya karibu nawe mpaka uone mwenyewe.

Darasani alisinzia. Daftari lake la mchana likabaki jeupe, maana alikuwa na aibu ya kuandika uongo. Kasuku akampa alama kumi na moja.

Masika ilipofika, ikanyesha hata upande huu. Usiku wa manane mfereji ulileta maji kuliko kawaida, na Mwalimu Kanga, aliyekuwa akihesabu vitanda, akapungukiwa kimoja. Alifuata nyayo na tochi yake hadi kwenye ndiva. Alimkuta Binti Pimbi amezama kwenye tope hadi kifuani, akishindilia upande wa ndani, na Muhanga akimsogezea udongo. Ukuta ulikuwa umeanza kutoa machozi. Haukutoa zaidi ya hapo. Mashamba ya bondeni yalilala salama. Kanga akaandika: kutoroka bweni, kosa la kwanza, kukutwa na mgeni usiku, kosa la pili, sare chafu, kosa la tatu.

Wanyama wa milima hii, kama majirani zao wa miguu miwili, hawaachi shauri likapita hivihivi. Baraza lilikaa siku mbili. Mama Pimbi alileta kuku wawili wa faini, kisha akawachukua tena, akisema kwanza aonyeshwe kifungu. Wazee wa bondeni walikuja kumtetea binti, wakadai apewe zawadi. Kanga akadai kanuni. Muhanga aliitwa kama shahidi mara nne, ila baraza lilikaa mchana. Mtoto wa Mbwa Mwitu aliomba ruhusa aulize swali, akaambiwa aulize Siku ya Kazi ijayo.

Mwalimu Korongo akabadili mguu, akatoa hukumu. Zawadi haiwezekani, kwa kuwa alama za binti kwenye mafunzo kazini ni kumi na moja. Kosa halina budi kuadhibiwa. Na kwa sababu ndiva haina mlinzi wa zamu na masika bado ndefu, Binti Pimbi asimamishwe masomo mwezi mzima, na muda huo wote atumikie adhabu kwenye ndiva, usiku, chini ya Muhanga.

Kesho yake kabla ya kengele, Mwalimu Kanga alikuta foleni mlangoni. Kima alikuwa wa kwanza, akiungama kwamba ameruka uzio. Alipoulizwa lini, alisema leo jioni. Mbega alikiri ulevi ambao hajawahi kuuonja. Mtoto wa Mbwa Mwitu alikuwa amekwisha kuandika makosa yake sita kwa mpangilio, akiomba yajumlishwe ili adhabu iishie Mkomazi. Nungunungu aliuliza kama kuna kosa linaloadhibiwa kwenye tangawizi, safari hii akipelekwa na mwalimu mbele ya mbwa.

Kanga alikimbilia kwa mkuu wa shule. Korongo alifikiri kwa muda, akaagiza ichapwe fomu ya maombi ya kusimamishwa masomo, nakala tatu, mzazi atie saini, na mwanafunzi ataje makosa mawili ya chaguo lake.