Aina za Furaha ya Timu na Kasi ya Kuota Nyasi: Utafiti wa Awali

Mabenchi ya ufundi yamechambua kwa miaka mingi mfumo, pumzi na misuli ya paja. Furaha wametuachia sisi wa majukwaani. Na kwa kuwa kila klabu siku hizi inatafuta kocha wa kujenga timu yenye furaha ya kudumu, tumeona tuipange furaha hiyo kwa spishi zake, tukitumia maabara kubwa kuliko zote tulizo nazo: Kariakoo, baina ya Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga.

Spishi ya kwanza ni furaha ya usajili. Huchanua Simba Day na Kilele cha Wiki ya Mwananchi, timu ikiwa haina pointi hata moja, na hunyauka kwenye sare ya kwanza. Ya pili, furaha ya bonasi, huishi katika chumba cha kubadilishia nguo peke yake. Hutegemea ahadi ya kiongozi, na ahadi hutegemea kama simu yake itapatikana Jumatatu.

Ya tatu ndiyo iliyotukeshesha: furaha ya mtani. Hii haihitaji timu yako ishinde, wala hata icheze. Mtani akiwa na mechi ya Afrika, shabiki hununua tiketi kwa fedha zake akawashangilie wageni ambao hata majina yao hawezi kuyatamka. Hurithiwa pia. Wapo Wanasimba waliozaliwa baada ya mwaka 1977 wanaosimulia zile 6-0 walizoifunga Yanga kana kwamba walipiga kona wao. Yanga nao walijibu kwa 5-1 Novemba 5, 2023, na kwa muda mrefu baada ya hapo Mwanasimba aliyepungiwa mkono alihesabu kwanza vidole. Mtafiti mchanga anaweza kudhani amepata furaha ya kudumu. Hajapata. Kinachodumu hapo ni maumivu ya jirani, na jirani naye humtafuta wa kumlipisha. Hamkosi: yuko pembeni ya uwanja, kavaa suti.

Ndipo tulipolazimika kubuni kipimo, Kasi ya Kuota Nyasi, yaani muda unaopita kati ya kipigo na kibarua cha kocha kuota nyasi. Kocha Robertinho aliipa Simba Ngao ya Jamii Agosti 2023, tena mbele ya Yanga, kwa penalti, pale Mkwakwani Tanga. Novemba, siku mbili tu baada ya zile tano, nyasi zilishamfika magotini. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2023/24; Novemba 2024 akafungwa na Azam, kisha na Tabora United, na mwezi haukuisha akiwa kazini. Novemba, inaonekana, ina mvua za kutosha.

Lakini kuna kielelezo kimoja kilichotuvurugia jedwali. Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kuukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Kocha Nasreddine Nabi hakuota hata jani. Msimu huohuo akachukua ligi, akaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akashinda marudiano 1-0 kwenye uwanja wa USM Alger, na kombe likaponyoka kwa kanuni ya bao la ugenini. Timu iliyokosa kombe ikarudi nyumbani na kualikwa Ikulu kwa chakula cha jioni.

Hiyo ndiyo spishi ya nne, furaha inayovuka kipigo, nayo haitafutwi kwa mfungaji wa mabao, kwani mfungaji hufurahi hata kwa kocha mbovu. Nenda mazoezini baada ya kufungwa, umtazame kipa wa tatu. Kama anajua kwa nini anasugua benchi, na aliambiwa na kocha mwenyewe badala ya kusikia redioni, andika kwenye daftari kwamba spishi ipo. Akiwa anataniana na mtunza vifaa, piga mstari chini yake. Kocha wa namna hii hufanya kazi isiyopendeza kamera: humkosoa mchezaji wakiwa wawili, humtetea mbele ya waandishi, na hurudia hivyo hadi ichoshe.

Tunawaomba basi viongozi wa klabu zote mbili: kipigo kijacho kikifika, na watani wakiwa barabarani na vuvuzela, mpeni kocha mechi tatu zaidi. Atakayethubutu atujulishe mapema. Sampuli moja haitoshi kuchapisha utafiti.