Sifa za Nafasi Tupu

Miongoni mwa alama zote azipigazo mtu kwenye kibao cha mashine aandikapo vekta katika lugha ya MATLAB, hapana iliyo dhalili kuliko nafasi: haina umbo, haina sauti, haigusi wino, na kidole kiihudumiacho ni gumba, ambacho katika uandishi huo hakina kazi nyingine. Hata hivyo nadai bila ya kigugumizi kwamba hiyo ndiyo sultani wa mabano ya mraba, na kwamba mkato, ambao waoga huutumia badala yake, ni karani mtiifu tu asiyejua ila kutimiza alichoamriwa.

Nasaba yake ni ya unyonge. Katika Fortran, lugha iliyotolewa mwaka 1957 na John Backus na wenzake wa IBM, nafasi ilihesabiwa kuwa karibu si kitu. Uliweza kuitia katikati ya neno au kuiondoa, na mashine isitambue tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Cleve Moler, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alipotaka wanafunzi wake wafaidi hazina za LINPACK na EISPACK, maktaba za programu za hesabu za matriki, bila ya taabu ya kuandika Fortran, aliwatungia MATLAB, na akaitunga kwa Fortran hiyo hiyo. Hivyo iliyodharauliwa nyumbani kwa mama ikapewa kiti cha enzi nyumbani kwa binti.

Tazama sasa jaha yake. Ukiandika [5 -2], unapewa vekta ya namba mbili, 5 na hasi 2. Ukiandika [5 - 2], unapewa 3, peke yake. Tarakimu ni zile zile na alama ya kutoa ni ile ile. Kilichozidi ni utupu kidogo upande wa kulia, na kwa utupu huo namba mbili zimefutika ikazaliwa ya tatu isiyoandikwa na mtu. Wanafalsafa waliokesha wakibishana kama utupu waweza kutenda neno wangalilala mapema lau wangaliletewa mabano haya.

Ama ukarimu wake hauna kifani. Ikiwa x ni vekta iliyolala ya namba tatu, x(2) ni namba yake ya pili, na nje ya mabano ya mraba hata ukiteleza ukaandika x (2) mashine hukusamehe; lakini ndani yake, [x (2)] hukupa x yote, kisha 2 ikafuata nyuma, jumla namba nne. Uliomba mmoja, umeletewa jamaa nzima pamoja na mgeni wasiyemjua, na bado wako wasio na haya waliitao jambo hilo hitilafu! Ritifaa nayo, ambayo kwa kawaida hugeuza safu iliyolala ikasimama wima, ikitanguliwa na nafasi humo mabanoni husahau hisabati ikajiona mwanzo wa maandishi.

Lakini fadhila niipendayo zaidi ni staha. Ritifaa ikikosewa kwa kawaida hupiga kelele. [5 - 2] haisemi kitu. Na kwa kuwa namba moja hukubali kujumlishwa na vekta ya urefu wowote, ile 3 hupita katika hesabu kwa adabu, ikaongezwa hapa na kuzidishwa pale, isizuiwe na ukaguzi wa vipimo, mpaka itokee upande wa pili ikiwa mchoro mzuri wa rangi ambao mwenyewe huuonyesha kwa wakubwa wake.

Wapo, najua, wanaoandika [5, -2], wakatia mkato baina ya kila namba na jirani yake. Hao hupata walichokiandika, hufunga mashine zao kabla ya magharibi, na mkewe mtu akimwuliza kazini kulikuwaje, maskini hana la kusimulia.