Sifa za Saa ya Witiri

Saa inayotembea vizuri haiangaliwi zaidi ya sekunde mbili. Mwenyewe huitupia jicho, hupata alichotaka, akarudi kwenye shughuli zake. Ninayoisifu hapa ni ya aina nyingine: saa ya taa za Nixie, niliyoiunda mezani kwangu kutokana na kifurushi cha vipuri, ambayo taa yake ya mwisho, ile ya dakika, ilitoa namba witiri peke yake. Moja, moja, tatu, tatu, tano, tano, saba, saba, tisa, tisa. Dakika kumi zimetimia, inarudi mwanzo. Sifuri haikuwahi kuwaka. Mbili, nne, sita na nane hazikujulikana hapo. Katika kila dakika kumi saa hii ilisema kweli mara tano, na hizo tano nyingine ilitangulia kwa dakika moja. Haikuchelewa hata mara moja. Mtu akiifuata hadi kituoni hakosi basi.

Taa zenyewe ni za zamani. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizileta sokoni mwaka 1955, zikaingia kwenye mashine za hesabu na vyombo vya kupimia vya maabara, mpaka taa za LED zilipozisukuma pembeni katika miaka ya 1970. Umoja wa Kisovyeti uliendelea kuzitengeneza baada ya hapo, na ndiyo maana vifurushi vingi vya leo vina taa za IN-12 au IN-14 zilizolala ghalani miaka na miaka. Ndani ya chupa mna gesi ya neoni yenye shinikizo dogo, na namba kumi za chuma chembamba zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ukiifungulia mojawapo njia ya umeme, wa volti 170 hivi, gesi inayoizunguka hung'aa rangi ya chungwa kwa umbo lake. Waliounda IN-12 hawakuona haja ya kuchonga umbo jipya la tano: waliichukua mbili, wakaipindua miguu juu. Ukishaligundua hilo, kila ikiwaka tano utaiona ile mbili.

Hitilafu ya chombo hiki ina heshima yake, maana haifichi inakokaa. Zikizimika taa zote, anza na sehemu inayopandisha umeme. Adapta inaleta volti 12. Koili, transista na dayodi zinazifikisha 170. Weka mita kwenye kapasita ya mwisho. Ukisoma volti 11 na kidogo, ujue transista haifanyi kazi yake ya kukata na kurudisha umeme, na ule wa adapta unapita tu kwenye koili na dayodi, unatokea upande wa pili karibu jinsi ulivyoingia. Ikizimika taa moja nzima, nenda kwenye anodi yake na rezista yake. Ikikosekana namba moja katika taa moja, angalia mguu wa namba hiyo. Zikiwaka namba mbili kwa pamoja, mwangaza sawa, tafuta tone la lehemu lililounganisha miguu miwili ya jirani. Fundi redio aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu alikuwa na amri moja: tazama kwanza, mita baadaye. Kwa saa ya Nixie amri hiyo ni nusu ya kazi.

Witiri ndiyo hitilafu nzuri kuliko zote, na nitaikalia kidogo.

Nyuma ya kila taa ya saa yangu kuna chipu ya Kisovyeti, K155ID1. Inapokea nyaya nne, inatoa njia kumi, moja kwa kila namba. Nyaya hizo nne zina thamani ya moja, mbili, nne na nane, na chipu huzijumlisha zile zenye umeme. Tano ni nne na moja. Sita ni nne na mbili. Tisa ni nane na moja. Zipitie zote na utaona kwamba kila witiri inauhitaji waya wa moja, na hakuna shufwa hata moja inayouhitaji. Basi saa inayotoa witiri tupu imeshasema, kabla hujashika chombo chochote, kwamba waya wa moja unasomeka una umeme wakati wote. Chipu za kizazi hicho nazo zina tabia yao: mguu usiounganishwa na kitu chochote huhesabiwa kuwa una umeme. Kwa hiyo si lazima waya uwe umeshikwa na umeme wa mahali pengine. Una uwezekano mkubwa wa kuwa umekatika. Kwenye K155ID1 waya wa moja unaingia mguu wa 3. Hitilafu ya namna hii inabisha hodi na kutaja jina lake.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ya kuithibitisha. Katika vyombo vingi vya elektroniki umeme hubadilika mara maelfu kwa sekunde, na mita ya kawaida haiuoni. Hapa waya wa moja wa dakika hubadilika mara moja tu kwa dakika, kwa sababu ndivyo dakika zinavyohesabiwa: witiri, shufwa, witiri, shufwa. Niliweka ncha ya mita kwenye bodi, karibu na mguu wa 3, nikangoja. Sifuri. Dakika ikageuka: volti 5. Ikageuka tena: sifuri. Kisha nikaipandisha ncha kwenye mguu wenyewe, nafasi ya unene wa ukucha, na huko ikasoma volti moja na nusu hivi, ikatulia hapo dakika baada ya dakika. Bodi ilikuwa inasema, mguu hausikii. Lehemu ilikuwa imeuzunguka, inang'aa, bila kuushika, maana chuma cha mguu kilikuwa kimeota utando wa kutu kwa kukaa ghalani.

Linganisha na vitu tunavyonunua sasa. Televisheni ikizimika, jibu la dukani ni kwamba bodi imekufa. Simu ikikataa kuwaka, jibu ni hilo hilo. Bodi nzima inatupwa kwa sababu ya kitu kimoja kidogo ambacho hakuna aliyekitafuta, na anayebeba hasara hajui alikosa nini. Naliona jambo hili kuwa baya, na si kwa sababu ya pesa peke yake. Mtu asiyewahi kuonyeshwa hitilafu ilipo huamini kwamba haina mahali. Saa yenye witiri tupu humwonyesha, na huchukua muda wake kumwonyesha.

Inadai adabu pia. Volti 170 zinaweza kumdhuru mtu, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuchomoa adapta; huondolewa kwa kupitisha umeme wake kwenye rezista, kisha mita ithibitishe, ndipo mkono uguse. Unapopima ikiwa inawaka, mkono mmoja ukae mbali na bodi. Sijui chombo kingine cha mezani kinachofundisha utaratibu huo kwa wepesi hivi.

Mguu niliukwangua, nikautia lehemu upya, na shufwa zikarudi. Nimeiwekea pia saa za Kiswahili. Kwenye saa ya mishale hatuna shida, tunasoma upande wa pili wa mshale. Namba hazina upande wa pili, kwa hiyo programu ndiyo inayotoa sita, na jua likichomoza inaanza hesabu karibu na sifuri inavyostahili.

Sasa imeanza jingine. Inawahi kwa sekunde moja na ushei kila siku. Kioo cha kwatsi ndani yake kinapaswa kutetema mara 32,768 kwa sekunde, na joto hukichelewesha, baridi nayo hukichelewesha. Hii inawahi, kwa hiyo joto la chumba changu halina kesi. Zinazobaki ni kapasita mbili ndogo zinazokishika kioo miguuni, ambazo zikipungua kipimo hukiacha kitembee mbio. Nimeagiza kubwa kidogo kuliko zilizopo.