Mbwa, Kindi na Uzio Usioonekana

Uzio usioonekana ni mfumo wa kielektroniki unaokusudiwa kumzuia mbwa asitoke uani, bila mwenye nyumba kujenga ukuta, kupanda michongoma wala kusimamisha nguzo hata moja. Ulibuniwa na Mmarekani Richard Peck, aliyepewa hataza yake mwaka 1973, na ulipata soko hasa katika vitongoji vya Marekani ambako baadhi ya vyama vya wenye nyumba hukataza uzio wa kawaida kwa hoja kwamba unaharibu mandhari. Kwa kuwa binadamu hawakutaka kuuona mpaka wao, kazi ya kuukumbuka ilikabidhiwa mbwa.

Katika mfumo huo, waya mwembamba hufukiwa sentimita chache ardhini kuuzunguka ua, na ncha zake huunganishwa na kisambazaji, yaani kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi ili kupitisha ishara ya redio ndani ya waya. Mbwa huvishwa kola yenye kipokezi na vijino viwili vya chuma vinavyogusa ngozi ya shingo, ambayo hulia kwanza anapoukaribia mpaka, kisha humpiga shoti ndogo asipojali mlio huo. Msingi wake ni uleule wa asiyesikia la mkuu, isipokuwa mkuu wa hapa anatumia betri.

Matatizo huanza kabla mbwa hajahusishwa. Nyaya mbili zinazotoka kwenye kisanduku hadi mpakani hupaswa kusokotwa pamoja ili ishara zake zifutane, na mwenye nyumba anayejifanya fundi akaliruka agizo hilo huweka mpaka wa pili palepale mlangoni, ambapo mbwa hupigwa shoti akienda kunywa maji na kuambiwa kwamba ni mwoga. Baadaye hufuata majaribio: bwana huyo huizunguka nyumba akiwa ameinama, kola imeshikwa kiganjani kwenye kimo cha shingo ya mbwa, na kwa kuwa masikio yake yanasubiri mlio huku vidole vyake vimekumbatia vijino, mara nyingi mwanafunzi wa kwanza kuujua mpaka huwa ni yeye, mbele ya majirani.

Mafunzo yenyewe huchukua takriban majuma mawili. Vibendera vidogo hupangwa kando ya waya, mbwa huongozwa kwa kamba hadi kola ilie, kisha huvutwa nyuma na kupewa kipande cha nyama, mpaka aelewe kwamba mlio maana yake ni kurudi. Wapo wanaoelewa zaidi ya hapo na kuhitimisha kwamba nyama hupatikana mpakani, hivyo hushinda huko wakiisikiliza kola kwa matumaini.

Udhaifu mkubwa wa uzio huu hujitokeza siku kindi anapokatiza ng'ambo. Mbwa aliyepandwa na mori wa kuwinda huupita mpaka kwa kasi, na shoti anayoipata njiani haimwelei kuwa adhabu, bali huwa kama nauli ya safari. Lakini kindi akishapanda mti na mori kupoa, mbwa huyohuyo hufika kwenye mstari akiwa na akili timamu, husikia mlio, hukumbuka mafunzo yote na kukataa katakata kuingia kwao. Uzio humwachia anapotoka kwa hamaki na kumzuia anaporudi kwa hesabu, na dawa yake ni bwana wake kwenda kuuzima. Wakati huohuo mbwa wa jirani, asiye na kola wala elimu, huingia atakavyo, hula chakula kilicho bakulini na kuondoka, huku mwenye ua akimsindikiza kwa kubweka hadi vilipokuwa vibendera.

Si kila nchi iliyouchukulia mfumo huu kwa wepesi, kwani Wales ilipiga marufuku kola za shoti mwaka 2010, zikiwemo za uzio wa aina hii. Kwingineko wakufunzi wengi huishia kushauri kwamba mbwa mwenye uzio usioonekana asiachwe uani bila mtu wa kumwangalia, ushauri wa busara ambao, ukifuatwa barabara, hauachi kazi yoyote ya kufanywa na uzio.